Ashinde, Lakini Asishibe

Mtwara, 4 Septemba 2024

Mjomba Mussa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta kifua kimekuachia na korosho za mwanzo zimeanza kuanguka. Mimi niko salama. Somoe mwuza dagaa amenifikishia mchele, na amenisimulia khitma ya arobaini ya bibi Zawadi ilivyokuwa, kwamba watu walijaa hadi wengine wakala wamesimama. Bado naumia kwamba sikuwepo. Niliomba ruhusa, nikajibiwa kwamba bibi si mzazi.

Umeuliza kwa nini sipigi simu. Tukiingia kazini simu zetu tunaziacha kwenye droo ya Bosi Zuberi, ili namba za ofisi zisitoke nje kabla ya wakati. Chumba ninacholala kiko uani kwa ofisi hiyohiyo, kwa hiyo siku nyingi simu naiona jioni tu, tena imeshafunguliwa na mkono mwingine. Na yako huko mtoni inamezwa na mtandao wa Msumbiji. Bora Somoe na gunia lake.

Hemedi amekuambia nimekuwa mcheza kamari. Si kweli, mjomba, mimi ni karani. Kazi yangu ni kupanga handikapu. Chukua mechi ya Mto Stars yenu na Pweza FC ya Mikindani kwenye kombe hili la korosho. Kila mtu anajua Mto Stars watashinda. Sasa nani ataweka fedha yake kwa Pweza? Hakuna, na ofisi haina biashara. Basi mimi nawapa Pweza goli moja na nusu kabla mpira haujaguswa. Aliyeiwekea Mto Stars hatoshelezwi na ushindi, lazima washinde kwa tofauti ya magoli mawili au zaidi. Wakishinda kwa moja tu, aliyeweka kwa Pweza ndiye anayelipwa, ingawa Pweza wamefungwa.

Utauliza nusu goli linafungwaje. Halifungwi. Limewekwa ili asibaki mtu katikati, asiyepata wala asiyekosa. Na fedha zikielemea upande mmoja, naisogeza namba hadi mizani isimame. Ni hesabu tu, zilezile ulizonisomeshea.

Nisalimie Hemedi na wote wanaoniulizia.

Mpwa wako,
Husna

*

Kitaya, 17 Septemba 2024

Mpwa wangu Husna,

Marahaba. Barua yako imefika ikinuka dagaa, nikajua kweli imepita kwa Somoe. Kifua changu kimetulia. Mbuzi mweusi amezaa mapacha. Jirani yetu Farida amekwenda kwa mwanawe Newala. Golikipa wetu Josephu amefiwa na baba yake mkubwa ng'ambo ya mto, ameondoka na nguo za wiki nzima, kwa hiyo langoni atasimama yule mfupi mwuza chapati. Na mdogo wako Hemedi aliteleza akikatia mikorosho, goti limevimba kama papai. Ananikataza nisimwambie mtu maana yeye ndiye nahodha, anataka kucheza hivyohivyo. Nimemkanda kwa maji ya chumvi. Wewe si mtu, wewe ni dada yake, ndiyo maana nakuambia.

Hesabu zako nimezisoma mara mbili. Hilo la kumpa mdogo goli kabla ya mchezo nimelielewa, hata mimi nilikuwa nakuachia kete kwenye bao ukiwa mtoto, usije ukalia. Lakini kuna kitu sikukipenda, na nimekaa nacho tangu jana. Zamani mchezaji akiuza mechi, alishindwa, na sisi tulimjua kwa kushindwa kwake. Kwa namba hizi zenu mtu anaweza kuuza na akashinda. Tutambeba mabegani, tutamchinjia kuku, na yeye ametuuza. Sasa tutamjuaje?

Fikiri hilo, wewe uliyesoma.

Mjomba wako,
Mussa

*

Mtwara, 30 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimefurahi kwa mapacha wa mbuzi. Mpe Josephu pole ya msiba atakaporudi. Mimi afya ni njema, joto tu la mjini.

Mechi mmeiona wenyewe: Mto Stars moja, Pweza sifuri. Sijui kama mmeona yaliyotokea huku. Siku tatu kabla, watu walijazana dirishani kuiwekea Mto Stars. Kwa kawaida ningesogeza namba, Pweza wapewe mawili na nusu, ili wengine wavutike upande ule. Sikuisogeza. Nilijua goti la Hemedi na nilijua mwuza chapati yuko langoni, nikaona hawataweza kushinda kwa mengi. Mpira ulipoisha, mashabiki wenu walitoka uwanjani wakiimba, wakaja kwetu wakiimba, wakakuta mikeka yao, zile karatasi za dau, imechanika. Mmoja alinishikia karatasi kwenye nondo za dirisha akanambia, dada, timu yangu imeshinda, na mimi nimeshindwaje? Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe. Aliendelea kusimama pale.

Bosi aliniita akauliza kwa nini sikusogeza namba. Nilifikiri nimekosea, nikamwambia ukweli, kwamba nilipata habari za nyumbani. Akacheka sana. Akasema nina mtandao usiohitaji vocha. Sasa nimepewa meza ya dirishani, na Somoe akija anaitwa ndani, anapewa soda, anaulizwa habari za safari.

Hemedi goti linaendeleaje? Niandikie kila kitu, mjomba, hata la kuku. Bosi anapenda nikiwa na furaha.

Husna

*

Kitaya, 13 Oktoba 2024

Husna,

Sisi wazima.

Hizo ndizo habari za nyumbani, na kuanzia leo hutapata nyingine. Somoe amenieleza ile soda. Amenieleza na maswali, kwamba bwana wako anataka kujua nani anaumwa, nani amefiwa, nani amegombana na mkewe. Mwanamke wa watu alidhani anasalimiwa.

Tangu nipate akili, barua huanza kwa hali za watu. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyokufundisha. Leo naogopa kukuambia mke wa mjomba wako amepika nini, maana sijui mtaandika namba gani juu ya chungu chake.

Mama yenu aliponiachia ninyi wawili hakuniachia mmoja wa kumchunguza mwenzake. Acha kazi hiyo urudi. Mjomba akisema njoo, mpwa huja.

Mussa

*

Mtwara, 26 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nakuomba radhi kwa yale ya Septemba na yaliyofuata. Hii nimemwambia Somoe aishone chini ya gunia tupu, na tafadhali ukimaliza kuisoma iingie jikoni.

Nilitaka kurudi siku ileile niliyopata barua yako. Nilikwenda kwa Bosi kuomba vyeti vyangu, vya shule na vya chuo. Alivichukua nilipoanza kazi, akasema ni utaratibu, na wenzangu wote walitoa vyao. Alinisikiliza vizuri. Akanifungulia kabati nivione, vyote viko, kwenye bahasha ileile ya kaki. Kisha akafunga kabati akasema tutazungumza baada ya fainali. Miaka kumi na sita ya shule, mjomba, na ile mikorosho miwili uliyoiuza nimalize mwaka wa mwisho. Sikuweza kuondoka nikaviacha.

Fainali ni Mto Stars na Gesi Rangers wa Madimba. Bosi anamtaka Hemedi. Nilimwambia mdogo wangu hawezi kukubali kufungwa, hata kwa bunduki. Akasema hivi, na naandika kama alivyosema:

"Nani kasema afungwe? Ashinde, lakini asishibe."

Maana yake nitawapa Gesi goli moja na nusu, na Hemedi akishafunga moja, mengine ayapige nje. Timu ishinde, kombe lije kwenu, kijiji kicheze ngoma. Nilikumbuka barua yako ya Septemba, na lile swali lako, tutamjuaje.

Nilimwuliza, na asipotaka? Akaniuliza kama namfahamu golikipa wa Pweza. Nikasema simfahamu. Akasema hata yeye siku hizi hamwoni, tangu pikipiki yake ilipoungua mlangoni kwake. Alilisema kama mtu anayesema mvua zimechelewa, huku anapanga kalamu zangu mezani zielekee upande mmoja.

Anajua njia ya Somoe. Amesema kuanzia sasa barua nitaandika mbele yake, na zinazokuja atazifungua yeye. Nisaidie kufikiri. Mimi kila nikianza kufikiri nasikia funguo zake.

Husna

*

Mtwara, 2 Novemba 2024

Kwa Mzee Mussa,

Naomba kufahamishwa hali ya Hemedi na wachezaji wengine kuelekea fainali ya tarehe 16. Bosi anamsalimu Hemedi na anamwandalia zawadi. Anaomba jibu lake kwa maandishi, kwa mkono wa Somoe.

Kazi inaendelea vizuri.

Husna

*

Kitaya, 9 Novemba 2024

Mpwa wetu mpendwa Husna, na bwana mkubwa aliye pamoja nawe,

Salamu nyingi kutoka hapa Kitaya, ambako mvua zimeanza kuchungulia. Bibi yako Zawadi anakusalimu kuliko wote. Leo ameamka na nguvu, amekula ugali wake wote na kuomba samaki wa pili. Anasema ule mchele aliokupelekea uutoe ndani kabla ya siku ya mechi, usingoje kitu chochote, maana ukikaa utaharibika.

Habari nyingine si nzuri. Hemedi ameanguka tena, mguu umevunjika chini ya goti, amefungwa miti na fundi wa mifupa na hatacheza. Ametokwa machozi kwa kukosa ile zawadi. Josephu hajarudi kutoka ng'ambo. Vijana wawili wa kiungo wamekwenda Madimba kutafuta vibarua na wanaona haya kucheza dhidi ya wenyeji wao. Itabidi tupange watoto wa shule. Kwa kweli tunakuja kufungwa, tunaomba tu yasizidi vidole vya mkono.

Sisi wengine wazima.

Mussa

*

Mtwara, 19 Novemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hii naandika kwa penseli na Somoe anasubiri nje akijifanya anachagua mawe kwenye mchele. Hii ndiyo ya mwisho ya kuibia, kwa sababu kesho geti la uani linawekwa kufuli jipya.

Bosi aliisoma barua yako kwa sauti. Alipofika kwenye salamu za bibi Zawadi nilishika ukingo wa meza. Bibi tulimzika mwezi wa sita, na mimi mwenyewe nilimwaga udongo, ila Bosi aliponinyima ruhusa ya khitma hakuuliza hata jina lake. Basi nikajua kwamba barua nzima ilikuwa ya Bosi, na maneno ya bibi peke yake ndiyo yaliyokuwa yangu. Mchele ulikuwa ni mimi. Bosi akasema bibi yangu ana busara, mchele haukai.

Sikutoka, mjomba. Bibi alisema nisingoje kitu chochote na mimi nilingoja vyeti. Nilijiambia fainali ikipita kabati litafunguliwa.

Aliiamini barua yako yote. Aliona mji mzima bado unaamini Mto Stars, na yeye peke yake anajua wanakuja watoto. Akaniamuru niishushe namba hadi nusu goli, yaani aliyeiwekea Mto Stars alipwe hata wakishinda kwa moja, ili kila mtu aikimbilie. Nilijua ni kosa na niliiandika kwa mkono wangu. Walikuja hadi akina mama wa samaki. Yeye alikuwa anapokea na kuchekelea, na nadhani zilikuwemo fedha za watu wakubwa kuliko yeye.

Kisha Hemedi akashuka garini anakimbia.

Mpira uliisha tatu bila. Tumelipa watu tangu Jumamosi. Bosi hajapiga kelele, na mimi nilitaka apige. Jana alikaa mbele yangu akaniuliza fundi wa mifupa wa Kitaya anaitwa nani, maana ni hodari kuliko madaktari wote aliowasikia. Nikasema simjui. Akatikisa kichwa kwa upole. Leo asubuhi simu yangu haikuwemo kwenye droo.

Hemedi asije mjini. Kwa lolote atakaloambiwa, na yeyote atakayemwambia, hata nikiwa mimi.

Husna

*

Mtwara, 27 Novemba 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na furaha nyingi. Hongereni kwa kombe. Huku tulicheka sana kwa ile hadithi ya mguu, na Bosi amesema mzee wangu ni mcheshi na hana kinyongo hata chembe. Biashara ni leo hasara, kesho faida.

Tena ana habari njema. Kuna timu kubwa ya hapa mjini inamhitaji mshambuliaji, na Bosi amemsemea Hemedi. Aje haraka. Nauli atarudishiwa na atalala hapahapa kwetu, kuna nafasi. Bosi atampokea mwenyewe. Taja siku tu.

Mimi nanenepa. Tafadhali msalimie sana bibi Zawadi. Mwambie asiwe na wasiwasi juu ya mlango wa chumba changu, siku hizi unafungwa vizuri sana, na sihangaiki nao kwa sababu wanaufunga wenyewe. Mwambie namkumbuka kila siku, na natamani kumwona kuliko nilivyowahi kutamani. Mwambie ule mchele niliuchelewesha na ulikuwa kosa langu.

Wako katika furaha,
Husna

*

Kitaya, 3 Desemba 2024

Mpwa wangu Husna, na bwana mkubwa Zuberi,

Marahaba. Tumezipokea salamu zenu, tukacheka na sisi. Mzaha wa mguu ulikuwa wa kizee, naomba usamehewe.

Hemedi amekubali. Atakuja Jumamosi ya tarehe 7 kwa basi la asubuhi, atashuka stendi. Kwa kuwa bwana mkubwa hamjui kwa sura zaidi ya kumwona uwanjani kwa mbali, na vijana wa siku hizi wote wananyoa kichwa kimoja, itafaa Husna aende naye stendi amwonyeshe. Hemedi ni mwoga wa mji, asipomwona dada yake hatashuka.

Atakuja peke yake. Mimi nimebanwa na shamba. Wale wenzake wa Mto Stars nao, Josephu na wote kumi, kila mmoja amekwenda kulima kwao, hakuna hata mmoja atakayepanda basi lile. Kwa hiyo bwana mkubwa asisumbuke kuja na watu wengi.

Bibi yako Zawadi yuko hapa pembeni yangu ninapoandika. Amesikia habari za mchele na hakukasirika. Anasema kuchelewa si kuharibika. Amekufungashia mwingine, Somoe atakuwa nao palepale stendi, amekaa kwenye gunia upande wa wauza maji. Anasema ukimwona Somoe nenda kaupokee mwenyewe, usimtume mtu, na usisubiri basi lisimame.

Anasema usibebe kapu, wala mfuko, wala bahasha. Njoo mikono mitupu.

Mjomba wako,
Mussa